Baada ya Ukurasa wa Arobaini

Kwa miaka sita nyumba yetu ya uchapishaji ilikuwa na mtu mmoja tu aliyesoma riwaya zetu mpaka mwisho. Mkurugenzi hakuzisoma. Majaji walioziteua kuwania tuzo hawakuzisoma. Mwandishi wetu mkubwa, tuliyemwita Sultani, naye hakuzisoma, na hilo nitalithibitisha kabla sijamaliza. Aliyezisoma ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, msahihishaji wa prufu, yaani karatasi za majaribio kabla kitabu hakijachapwa, mwanamke mfupi mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, ambaye kila asubuhi aliuliza ni nani kamchukulia miwani yake.

Ofisini walimwita Mama Nukta. Alikuwa na chumba, kama kile kinaweza kuitwa chumba: kuta tatu za mbao nyembamba na dirisha lililotazama tangi la maji. Alikalia rundo la vitabu vya hesabu vya darasa la sita, kwa sababu kiti chake kilivunjika mguu kabla mimi sijaajiriwa, na fomu ya kuomba kiti kipya ilikuwa bado inatembea kutoka meza hadi meza. Hakulalamika. Alisema vitabu vya hesabu angalau vina majibu nyuma.

Nyumba yenyewe ilianza na vitabu vya shule, na ingebaki huko huko ingekuwa heri kwa wote. Lakini Mkurugenzi alikwenda kwenye mkutano wa wachapishaji, akamwona mwenzake akipanda jukwaani kupokea kinyago cha shaba cha tuzo ya fantasia, akarudi na kijicho kilichomtoa hamu ya kula. Hakuna anayepewa kinyago kwa kitabu cha kujumlisha na kutoa. Basi akaanzisha chapa ya fantasia. Kwa wasioijua kazi hii, chapa ni jina la pili la nyumba ile ile: mashine zile zile, ngazi zile zile, choo kile kile kisichofungika, ila sasa vitabu vya majoka na wachawi vina nembo yao. Nembo aliichora shemeji yake Mkurugenzi. Ilikusudiwa kuwa joka. Ilifanana na kenge aliyemeza mwavuli.

Mimi nilikuwa mtu wa matangazo. Shangazi ndiye aliyenipatia kazi ile, alinishika mkono mpaka mlangoni kwa Mkurugenzi, akasema, "Huyu ni mtoto wa kaka yangu, ana maneno." Maneno ninayo, ni kweli. Niliandika ya jalada la nyuma. "Haijapata kutokea" nimeiandika kwenye majalada kumi na moja, na yote kumi na moja yalikuwa yameshatokea. Vitabu vyenyewe sikuvisoma. Nilikwenda kwa shangazi saa ya chai, nikamuuliza kinahusu nini, akanieleza huku akichovya mkate, nikarudi mezani kwangu nikapiga chuku.

Kisa cha ukurasa wa arobaini tulikigundua mwaka wa pili. Tuzo kubwa ya fantasia ilitaka nakala kumi kwa ajili ya majaji, na baada ya shindano nakala zikarudishwa kwenye sanduku. Shangazi alizipanga mezani, akaniita.

"Hebu tazama mgongo."

Kitabu kilichosomwa hakifichiki. Mgongo hukunjika, kurasa hulegea, hapa na pale pana alama ya kidole. Nakala zote kumi zilikuwa zimelegea mpaka ukurasa wa arobaini hivi. Baada ya hapo kurasa zilikuwa zimeshikana kama zilivyotoka kiwandani. Katika nakala moja jaji alikuwa amesahau karatasi ya dobi wa hoteli kwenye ukurasa wa thelathini na nane: mashati mawili, suruali moja. Huyo hata arobaini hakufika.

Mwenye haya angehuzunika. Mkurugenzi alifurahi. Alipiga meza, akasema sasa tumelijua lango la nyuma. Kuanzia siku ile ikawa desturi ya nyumba: kurasa arobaini za mwanzo zilipewa wahariri wawili na mshairi wa kukodi wa kung'arisha sentensi. Kuanzia ukurasa wa arobaini na moja kitabu kiliachiwa Mama Nukta peke yake, na Mungu. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Sisi tulizigeuza kurasa.

Hapo ndipo akaingia Sultani. Zamani alikuwa dalali wa mnada, na sauti ndiyo mali aliyotoka nayo huko. Alivaa koti refu hata kwenye joto la kuyeyusha mshumaa, na pete kubwa aliyokuwa akiizungusha unapozungumza naye ili ujue kwamba unamchosha. Alikuwa na mpango wa vitabu saba kuhusu ufalme ambao watu wake huzaliwa bila vivuli. Wazo halikuwa baya, nampa haki yake. Mambo mengine yote yalikuwa mabaya. Hakuandika, alizungumza kwenye simu akiwa amejilaza, akatutumia sauti, na karani akaichapa. Kwenye sauti hizo ulimsikia akitafuna.

Mtu akizungumza hivyo kwa kurasa mia nne lazima asahau. Malkia alikufa kitabu cha kwanza, akacheka kitabu cha pili. Waziri alikuwa na jicho moja, halafu akakonyeza. Shangazi alichukua daftari la shule la mistari ya miraba akalifanya daftari la marehemu: nani kafa, ukurasa gani, kwa upanga au kwa homa, ameacha watoto wangapi, farasi wake rangi gani. Kila alipokuta kosa aliandika pembeni ya prufu kwa kalamu nyekundu, "Muulize mwandishi." Muulize mwandishi, huyu si alizama? Muulize mwandishi, mlima huu jana ulikuwa kaskazini. Miaka ishirini na sita alikuwa akiandika maneno hayo mawili. Hata kwenye orodha yake ya sokoni niliwahi kuyakuta: "Vitunguu. Muulize mwandishi: vya jana vimeisha?"

Sultani alizichukia zile alama nyekundu. Siku moja alisimama mlangoni mwa kile chumba cha mbao, akasema, "Mama, fantasia si hesabu."

"Hata mimi nimeona, mwanangu," shangazi akamjibu. "Kwenye hesabu maiti hawaongezeki."

Alirekebisha yeye mwenyewe. Aliwafufua waliostahili, akawazika waliosahauliwa, akaupeleka mlima kaskazini. Vitabu vinne vilipita hivyo, na vitatu vikateuliwa kuwania tuzo. Mkurugenzi alikuwa ameshaagiza vibandiko vya dhahabu vya "Imeteuliwa" kabla ya uteuzi. Vya "Mshindi" pia alikuwa navyo, kabatini, chini ya sukari.

Kitabu cha tano kilikuja kimechelewa, zikiwa zimebaki wiki saba shindano lifungwe. Kurasa arobaini za mwanzo zilikwenda kwa wahariri na mshairi. Nyingine zilikwenda kwa shangazi, na siku ya tatu akaniita, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Hiki kipande cha mwisho," alisema, "kuanzia ukurasa wa mia tatu. Ni kitabu cha pili."

"Kinafanana na cha pili?"

"Sikusema kinafanana. Ni chenyewe. Kabadilisha majina tu. Na hapa katikati kachoka, kaacha ya zamani."

Aliweka vitabu viwili sambamba. Kurasa mia na kumi, neno kwa neno. Tulikwenda wote kwa Mkurugenzi. Nilidhani atamwita Sultani na kumrushia ule mzigo usoni. Mkurugenzi alisikiliza, akajikuna shingo, kisha akamuuliza shangazi, "Wewe si unawajua hawa watu wote? Nani kafa, nani yuko hai?"

"Nawajua."

"Basi kimalize wewe."

Shangazi alivua miwani ya puani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Baadaye aliniambia kwamba wakati ule hakufikiria ugumu wa kazi hata kidogo. Alifikiria kwamba vitabu mia tatu na zaidi vimepita mkononi mwake, na katika vyote hakuna mahali jina lake limeandikwa, kwa sababu nyumba yetu huwataja mwandishi, mhariri, mchoraji, hata mwenye duka la karatasi, lakini msahihishaji haimtaji.

"Nitakimaliza," alisema. "Ila nina neno moja. Nataka jina langu lichapwe ndani. Popote, hata kwa herufi ndogo kuliko zote. Liseme kwamba sura sita za mwisho nimeziandika mimi."

"Hilo tu?" Mkurugenzi akacheka. "Halina shida, mama."

Aliandika nyumbani, kwenye meza ya jikoni, katika madaftari yale yale ya miraba, akiwa amehamishia vyungu vyote sakafuni. Nilimkuta mchana wa Jumapili amekaa na kalamu, midomo inamcheza. Hakuwahi kuandika hadithi maishani mwake. Alikuwa akisimama, anazunguka meza, anakaa, anaandika mistari miwili. Kilichonichekesha ni kwamba alishindwa kuacha tabia yake. Katikati ya hadithi aliyokuwa akiitunga mwenyewe, kwa wino ule ule, alijiandikia, "Muulize mwandishi."

"Shangazi, mwandishi si wewe?"

"Najua," akasema. "Lakini yeye anahitaji kuulizwa."

Kisha akanisomea. Malkia wa ufalme ule, baada ya vitabu vitano, hatimaye anapewa kivuli chake, na hajui pa kukiweka. Anakaa nacho chumbani kama mtu anayekaa na mgeni ambaye hajasema ataondoka lini. Nilikuwa nimekuja kuazima pasi. Niliketi sakafuni kati ya vyungu, nikasikiliza sura nzima, na machozi yakanitoka, mimi ambaye kazi yangu ni kuahidi watu machozi kwenye jalada la nyuma na sijawahi kutimiza.

Alipochapa kwenye mashine aliyaondoa yale maswali yake yote. Kitabu kikaenda kiwandani. Kilipotoka, alikifungua palepale mlangoni kwa mpokea wageni, akapekua kurasa za mwanzo, akapekua za mwisho, akarudia za mwanzo. Jina halikuwamo.

Mkurugenzi alikuwa na jibu tayari. "Mama, masharti ya tuzo. Kitabu kiwe na mwandishi mmoja. Likionekana jina la pili tu, tumetupwa nje. Subiri tuzo ipite, toleo la pili nitakuweka mwenyewe kwa mkono wangu." Alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na shangazi, aliyeweza kuona nukta iliyopungua umbali wa meza tatu, akakubali kupakwa.

Kumbe mwaka ule majaji walikuwa wamepata mwenyekiti mpya, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama mwembamba aliyetembea na mwavuli mvua au jua. Hakuna aliyekuwa amemweleza desturi. Alivisoma vitabu vyote mpaka mwisho. Wenzake tisa walipokutana naye kwenye kikao, wakiwa na kurasa zao arobaini kila mmoja, hawakuwa na la kubishana naye, maana ili umbishie mtu aliyesoma inabidi na wewe uwe umesoma. Tukashinda. Na hukumu ilipochapwa ilisema kitabu hiki kinaanza kwa mbwembwe, kinasuasua katikati, lakini sura sita za mwisho peke yake zinatosha kukipa tuzo.

Sultani aliisoma hukumu ile, akasema ni kweli, pale mwishoni alikuwa amejisikia vizuri.

Tuzo ile ina desturi moja. Mshindi hutoa ukurasa mmoja wa kitabu chake ulioandikwa kwa mkono, unasomwa jukwaani, unawekewa fremu, unatundikwa ukumbini na za washindi waliotangulia. Mwalimu mwenyekiti aliuchagua mwenyewe: ukurasa wa malkia na kivuli. Sultani hakuwa na ukurasa wowote wa mkono. Mtu huyu saini yake tu ilimchosha.

Alhamisi Mkurugenzi aliniita ofisini kwake. Alisema nafasi ya mkuu wa matangazo iko wazi, na ile nafasi ina chumba chenye kuta nne. Alisema ananiona mimi. Halafu, kana kwamba ni jambo jingine kabisa, akasema, "Nenda kamchukulie shangazi yako yale madaftari. Mwambie tunayahitaji ili tumuweke vizuri kwenye toleo la pili."

Nilijua ni ya nini. Sitajitia hamnazo hapa. Nilikwenda nyumbani kwake jioni, nikamwamkia, nikasema vile vile nilivyoagizwa, kwa sauti yangu nzuri ya jalada la nyuma. Shangazi aliyafuta unga kwa kanga, akayafunga kwa kamba.

"Waambie wayarudishe," alisema. "Yana hesabu za marehemu."

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa viti vya kukodi vilivyovalishwa nguo nyeupe. Shangazi alialikwa, maana kila mfanyakazi alialikwa kujaza viti. Alivaa viatu vipya. Mkurugenzi aling'aa kama sufuria ya maonyesho. Vile vibandiko vya "Mshindi" vilikuwa vimeshabandikwa juu ya rundo la vitabu mlangoni, na viwili vitatu vilikuwa na chembe za sukari.

Sultani alipanda jukwaani na ukurasa wake. Alikuwa ameunakili usiku uliopita, kwa wino mweusi wenye madoido, kutoka kwenye daftari la shangazi. Akakohoa, akatoa ile sauti ya mnada.

"Malkia alipopewa kivuli chake hakujua pa kukiweka. Alikaa nacho chumbani kama mtu anayekaa na mgeni ambaye hajasema ataondoka lini. Asubuhi akaagiza farasi wake mweupe atandikwe. Muulize mwandishi, farasi huyu si alikufa kitabu cha pili? Akatoka nje, na kivuli kikamfuata kwa haya."

Hakusita. Alilisoma lile swali kwa sauti ya kupanda, akanyoosha mkono kwa watu kama anayeuliza nani anaongeza dau, akaendelea. Nikangoja kicheko, nikangoja mtu mmoja asimame.

Watu walipiga makofi. Jaji mmoja, nadhani yule wa mashati mawili, alimwinamia jirani yake akasema, "Umeona anavyojihoji? Huo ndio ujasiri." Kesho yake gazeti moja liliandika safu nzima kuhusu mwandishi anayemwalika msomaji kumtilia shaka. Nimeikata, ninayo. Kila nikihisi nimeanza kuwaheshimu watu wa vitabu, huitoa nikaisoma.

Mwalimu hakupiga makofi. Wakati wa vinywaji alinifuata kwenye meza ya juisi, mwavuli kwapani. Nikamwamkia. "Marahaba," akasema. "Wewe ni wa nyumba ile?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mimi nimesahihisha madaftari miaka thelathini na nane. Mtoto anayenakili namjua. Ukiandika ubaoni 'tazama nyuma ya ukurasa', yeye anaandika kwenye jibu lake 'tazama nyuma ya ukurasa'." Alisema polepole, bila ukali. "Zile sura sita kuna mtu amezikalia kitako akaziandika. Yule pale hajaziandika. Nataka unitajie jina la huyo mtu, binti. Nitajua la kufanya."

Jambo lenyewe lilikuwa dogo sana. Jina lenyewe ni maneno mawili. Nilikuwa nimelibeba tangu utotoni, niliitwa mtoto wa nyumba yake, nilikula kwake, nilisoma kwa kalamu zake. Upande wa pili wa ukumbi Mkurugenzi alikuwa akinitazama juu ya bilauri yake. Nilifikiria tuzo kunyang'anywa, chapa kufungwa, toleo la pili kutochapwa kabisa na jina la shangazi kupotea nalo. Nilijiambia kwamba namlinda. Pia nilifikiria kuta nne.

"Ameandika mwenyewe, Mwalimu."

Alinitazama kwa muda, kama anavyotazamwa mtoto ambaye alitarajiwa kupasi. "Haya," akasema, akaenda zake.

Nilipogeuka shangazi alikuwa nyuma yangu, bilauri mbili mkononi, moja yangu. Alinipa yangu. Njia nzima ya kurudi nyumbani alizungumzia viatu vyake, kwamba cha kushoto kinabana na duka halipokei vilivyokwisha kuvaliwa.

Toleo la pili lilifika ofisini wiki mbili baadaye, na jina halikuwamo. Mkurugenzi alieleza kwamba lilikuwa limeshapigwa chapa kabla ya sherehe, ili kuwahi soko, na kwamba lipo la tatu. Shangazi hakumsikiliza mpaka mwisho. Alichukua miwani zake zote mbili na daftari la marehemu, lililokuwa limesharudishwa, akaacha barua ya kustaafu miezi miwili kabla ya wakati, akashuka ngazi. Mimi nilihamia chumba changu. Kina kuta nne na kiti kizima, na dirisha lake linatazama tangi lile lile.

Kitabu cha sita kilikuja mwaka uliofuata. Kurasa arobaini za mwanzo ziling'arishwa mpaka zikateleza. Nyingine hazikuwa na wa kuzisoma, kwa hiyo Mkurugenzi akanipa mimi, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nikasoma kitabu tulichotoa. Malkia amekufa mara mbili. Kivuli kimesahauliwa. Kuanzia ukurasa wa mia mbili na sitini Sultani anasimulia, kwa utulivu kabisa, mnada wa ng'ombe.

"Nenda kwa shangazi yako," Mkurugenzi akaniambia. "Safari hii jina litawekwa. Mwambie nimesema mimi."

Nilikwenda na bahasha kwapani. Nilimkuta kibarazani anasoma, kitabu cha mtu mwingine, bila kalamu. Aliniwekea chai na mkate. Aliuliza habari za mama, za wadogo zangu, akacheka pa kuchekea. Nilipoiweka bahasha mezani hakuigusa. Nikamweleza yote: malkia, mnada, ahadi ya jina, wakati uliobaki. Nikamwambia kwamba bila yeye kitabu hakisomeki, na chapa itakufa. Nilimbembeleza kwa maneno yangu yote, na maneno ninayo.

Alinisikiliza mpaka nikanyamaza mwenyewe. Kisha akaisukuma bahasha taratibu mpaka ikafika karibu na kikombe changu.

"Mwanangu," alisema, "yule mwalimu alikuuliza, na ukamwambia ameandika mwenyewe. Basi mpelekee aandike."